Gesi baada ya kupimwa utumbo mpana: kilichonisaidia mimi

Ndugu uliyeuliza kama utarudi kupimwa utumbo mpana kwa kamera ile ya kuingizwa njia ya haja, bila tumbo kujaa na kuuma usiku kucha kama mara ile: inawezekana kabisa. Mimi nina historia ya vinyama kwenye utumbo, kwa hiyo hurudi kila daktari anaponipangia.

Muulize mapema wanatumia hewa gani. Ili kamera ione vizuri, utumbo lazima utanuliwe kwa kupulizwa hewa. Hewa ya kawaida hukaa humo kwa saa nyingi hadi uitoe kwa chini. Hewa ukaa hufyonzwa haraka, ikaingia kwenye damu na ukaitoa kwa kupumua. Nilipopimwa kwa hewa ukaa, jioni ile nilikula na kulala vizuri.

Maumivu mengine hutokana na kamera kujikunja kwenye kona na kuuvuta utumbo. Kwangu ni chini kushoto. Nikisema panauma, daktari hunyonya hewa na kuirudisha kamera nyuma kidogo hadi inyooke, huku nesi akinikandamiza tumbo kwa kiganja. Maumivu hukatika palepale. Kwa hiyo kama umepewa dawa ya kukutuliza tu, si ya kulala kabisa, sema, usivumilie kimyakimya! Na kama umewahi kupasuliwa tumbo, wajulishe, maana makovu huufanya utumbo ushikamane. Huenda wakachagua kamera nyembamba.

Dawa ya kusafisha tumbo, omba uinywe kwa awamu mbili: jioni, halafu alfajiri ya siku yenyewe, uimalize kwa muda watakaokupangia. Ikiwa baridi na ukitumia mrija, inapita. Jipake mafuta ya mgando njia ya haja kabla ya kuanza kuharisha, usingoje pachubuke.

Ukiamka, toa hewa bila haya, manesi wanataka uitoe. Jigeuze ubavu kwa ubavu, na wakikuruhusu kusimama, tembea taratibu. Usiendeshe gari kwa saa 24.

Gesi ya kawaida hupungua kadiri muda unavyokwenda. Maumivu yakizidi, tumbo likawa gumu, ukapata homa au kutoka damu nyingi, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kama umetolewa vinyama, endelea kuangalia choo kwa wiki mbili, kwani damu inaweza kuchelewa kutoka.