Kuvuka Mau Narok kwa baiskeli: upangie upepo kwanza

Vijana wanaotaka kwenda kwa baiskeli kutoka Njoro hadi Narok huniuliza wanunue baiskeli gani. Mimi huwauliza wataondoka saa ngapi. Ukishapanda hadi Mau Narok, karibu mita elfu moja juu ya mji wa Nakuru, miti hupungua na mbele yako ni ngano na shayiri hadi macho yanapoishia. Kivuli ni adimu, na upepo hauna cha kuuzuia.

Asubuhi uwanda hutulia. Jua likishachoma ardhi, kuanzia kama saa nne, upepo huamka, na alasiri mawingu hujikusanya. Kwa hiyo saa kumi na mbili unusu asubuhi, barabara inapoanza kuonekana vizuri, uwe umeshakunywa chai na unakanyaga. Vaa koti, kwa sababu baridi ya kule juu huuma vidole hadi kushika breki kunakuwa kazi. Baridi hiyo isikudanganye kuhusu jua: kila unapopanda mita 1,000, miale yake inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Funika shingo na mikono.

Upepo wa mbele ndio unaovunja watu moyo. Mwendo wa hewa inayokupiga ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma huongezeka mara nne, kwa hiyo ukishindana na upepo ili ubaki na kasi yako ya kawaida utachoka kabla ya adhuhuri. Weka gia nyepesi, inama, kubali kwenda polepole. Mkiwa wawili, mmoja akae nyuma karibu na gurudumu la mwenzake, kisha mpokezane kila baada ya dakika chache. Wa nyuma hupumzika kweli, hata kama miguu yake bado inazunguka. Januari na Februari upepo kwa kawaida hutoka kaskazini mashariki na kumsukuma anayeelekea Narok. Juni hadi Agosti hutoka kusini mashariki, nao utakupiga kutoka mbele, upande wa kushoto. Mimi ningeenda Januari.

Kula kabla njaa haijabisha hodi. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha na ndizi zinatosha kuanzia, na mfukoni naweka vipande vya sukari nguru, ile ya viwanda vidogo vya miwa huko Kakamega, kwa sababu haivuji na hutia nguvu haraka. Maji peke yake hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho siku nzima. Chupa moja ninaichanganya hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, wala usiongeze chumvi.

Sasa valvu, jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wamekwama. Maduka ya vijijini huuza tyubu za Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, na za baiskeli za kawaida, zenye valvu nene. Baiskeli nyingi za mbio zina rimu yenye tundu jembamba, na valvu hiyo haipiti. Angalia tundu lako ukiwa nyumbani. Kama ni jembamba, beba tyubu mbili za kwako, viraka, gundi na pampu inayoingiliana na valvu zako. Spoki ikilegea, tafuta fundi wa Black Mamba anayefanya kazi chini ya mti sokoni. Ninawaheshimu sana mafundi hawa. Wananyoosha gurudumu kwa jicho na spana moja.

Ukikutana na mchungaji wa mifugo, msalimu kwanza, kisha umuulize habari za mbele. Usimuulize ni kilomita ngapi, maana atakujibu "hapo tu". Muulize boda boda hadi senta inayofuata ni shilingi ngapi. Nauli kila mtu anaijua, nayo itakuonyesha umbali bila kukuficha.

Ngurumo zikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, shuka uingie nyumba imara au gari lililofungwa. Kwenye uwanda wewe ndiwe mrefu kuliko ngano yote, na mti uliosimama peke yake ni hatari zaidi. Kama jioni inaingia na mvua haijakatika, simamisha matatu. Konda atataka nauli ya baiskeli pia, kwa hiyo mpatane bei kabla baiskeli haijapandishwa juu ya keria, na uifunge mwenyewe kwa kamba ya mpira, upande wa cheni ukiwa juu.