Cherehani imekaa kimya miezi saba. Je, niiuze?

Shangazi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Umoja, Nairobi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijishonea nguo, hata za kuvaa kazini. Februari nilimshonea binamu yangu magauni sita ya satini ya wapambe wa harusi yake. Sikulipwa hata pesa ya uzi, na mmoja wao akasema mbele ya watu kwamba fundi wa mtaani angeyashona vizuri zaidi. Tangu siku hiyo sijashika mkasi, na blauzi yangu ya kitenge imelala kapuni ikiwa na mkono mmoja. Mume wangu anasema tuiuze cherehani kwa sababu inajaza nyumba bure, huku mamake akitaka nimshonee yeye na dada zake sare za Desemba. Nimepoteza hamu, au nimezeeka tu?

Mwanangu, hujazeeka, wala siamini kwamba hamu yako imekwisha. Aliyekinai kushona haihifadhi blauzi yenye mkono mmoja kwa miezi saba. Angekuwa ameshaikata vitambaa vya kupangusia meza. Ninavyoisoma barua yako, kilichokuchosha ni kuwashonea watu wasioshukuru, na kwa kuwa kazi ya mwisho kupita mikononi mwako ilikuwa ile ya harusi, kila ukiitazama cherehani unayasikia maneno ya yule mpambe.

Hebu tuizungumzie satini hiyo, maana naona umebeba lawama isiyo yako. Satini huteleza chini ya mkasi, hufumuka kingoni, na sindano ikishapita huacha tundu, kwa hivyo mshono uliokosewa ni vigumu kuufumua na kuurudia bila alama kuonekana. Hutaka sindano mpya na nyembamba, nambari 65 au 70, na pini zichomwe ndani ya nafasi ya mshono pekee. Magauni sita ya kitambaa cha namna hiyo, ya miili sita tofauti, ni kazi ambayo fundi wa mtaani unayelinganishwa naye angeidai malipo ya kwanza kabla ya kushika futi. Aliyekukejeli hakujua anachosema. Hata hivyo, binamu yako naye hakujua anakuomba usiku wako mwingi kiasi gani, kwa sababu hukumwambia, na hilo ulipaswa kulisema siku ile ile aliyoleta kitambaa.

Kuhusu kuiuza, usiamue ukiwa bado na uchungu. Ifungue kwanza uisafishe, kwa sababu mafuta ya cherehani iliyokaa bila kazi hushikana na vumbi. Ondoa kibati kilicho chini ya sindano, toa manyoya ya uzi kwa brashi, tia matone machache ya mafuta ya cherehani (si ya kupikia, ingawa wapo wanaothubutu), kisha badilisha sindano na ujaribu kwenye kipande cha kitambaa. Ninalisisitiza jambo hili kwa kuwa cherehani chafu huruka mishono, na mtu aliyekwisha kuvunjika moyo atadhani ni mikono yake iliyosahau kazi.

Usikimbilie Eastleigh wala Biashara Street kutafuta kitambaa cha kukupa moyo, kwa maana furaha ya kununua huisha upesi na kitambaa hugeuka deni kabatini. Wala usianze na ile blauzi. Nyumba nyingi hazikosi jozi ya leso ambayo bado haijatenganishwa. Ikate katikati, kisha upinde ncha mbili za kila leso. Ni mishono iliyonyooka, inayokwisha jioni moja, na leso ni yako. Blauzi ifuate baadaye, ukishaivaa na kuona kama bado inakukaa. Kabla ya kuunga mkono wa pili, ulaze kando ya ule wa kwanza ili mbele na nyuma zisigeuke, kosa ambalo huwapata hata mafundi. Ikiwa haikukai tena, ifanye foronya bila kujuta.

Ukifika hapo utajua la kufanya. Usiipime cherehani kwa fedha, kwani kwa hesabu hiyo mitumba ya Gikomba itakushinda. Jiulize kama bado unafurahi kuvaa nguo iliyokatwa kufuata kiuno chako mwenyewe. Ukiona hufurahi, iuze tu, wala usimwombe mtu radhi.

Sare za Desemba usizishone. Kwa kuwa mumeo ndiye anayetaka cherehani iondoke, mwombe yeye amweleze mamake kwa heshima kwamba mwaka huu hushoni za watu, na umpe jina la fundi unayemwamini. Afanye hivyo wiki hii, kabla mama hajanunua kitenge, kwa sababu kikishaletwa kwako kikiwa kimefungwa mfukoni, kukataa kutakuwa kugumu zaidi.