Maswali yenu: walimu wa kigeni na majirani zao Kampala

Barua nilizozichagua wiki hii zimetoka kwa watu wa shule za kimataifa za Kampala: walimu wageni, wenzao, na wanaowafanyia kazi nyumbani.

Natoka Uingereza, Kiswahili nilijifunza Mombasa. Shule imenipa nyumba Kololo, mtaa wa matajiri. Wenzangu Waganda ni wakarimu sana kazini, lakini hakuna anayenitembelea. Nimewakosea nini?

Hujawakosea, mwalimu. Mwenzako anayekaa Kireka akitaka kuja kwako Jumapili, atapanda taksi, yaani matatu, atashuka mjini, atatafuta bodaboda, kisha atasimama getini ahojiwe na askari na aandike jina lake kitabuni. Nani anapenda kuandikishwa anapokwenda kumsalimu rafiki? Wakati wa ukoloni Wazungu walikaa Nakasero na Kololo, Waafrika wengi upande wa Mengo, karibu na Kabaka, mfalme wa Buganda. Siku hizi hakuna anayekatazwa kuhamia Kololo, ila kodi ya nyumba huko mwalimu wa kawaida haiwezi.

Kwa hiyo nenda wewe kwao. Anza na misiba. Mwenzako akifiwa, toa mabugo, yaani mchango wa rambirambi, kama wanavyotoa wengine ofisini, panda gari moja nao hadi kijijini, ukae mpaka mazishi yaishe. Ukialikwa kwenye mikutano ya kuchangia harusi, hudhuria, na usitoe kiasi cha kuwaaibisha wengine. Ukionekana huko mara kwa mara, watakuja hata Kololo.

Mimi ni Mkenya, nafundisha hisabati Muyenga. Mwenzangu kutoka Kanada ana shahada kama yangu na vipindi sawa na vyangu. Yeye analipwa kwa dola, kwa kiwango kingine kabisa. Niseme au ninyamaze?

Sema, ndugu yangu, lakini usimwendee yeye. Mtu aliyetoka mbali kupewa nyumba na tiketi ya ndege naelewa. Kulipwa tofauti kwa kipindi kile kile, kwa sababu ya pasipoti, ni dhuluma, na sitaipaka rangi. Wakati wa kuongeza mkataba, nendeni mkiwa kadhaa, mwombe kwa maandishi ngazi za mishahara zinazohesabu elimu, uzoefu na vipindi. Mwaka 2022 serikali ilipowapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wale wa masomo yasiyo ya sayansi waligoma. Waalimu wa nchi hii wanajua vizuri maumivu ya kukaa ofisi moja na mishahara miwili.

Nanyi walimu wageni, mwenzako akikuuliza unalipwa kiasi gani, mwambie. Siri hiyo inamfaa mwajiri peke yake.

Nafanya kazi kwa mwalimu Mmarekani, Ntinda. Kila siku anataka nile naye mezani. Sipendi. Atadhani namchukia?

Mwambie tu, dada, kwamba saa ya chakula ndiyo saa yako ya kupumzika. Akitaka kukuheshimu zaidi, akuandikishe NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Tangu 2022 sheria inamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja: yeye aongeze asilimia 10 ya mshahara wako, wewe ukatwe 5.

Askari wa getini ameniomba ada ya mtoto wake. Wazungu wenzangu wanasema nikitoa mara moja, haitaisha.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 1997, lakini sare, chakula na madaftari bado vinamsubiri mzazi, na sekondari ni mzigo mwingine. Kabla ya kukuomba wewe, yamkini ameshawaomba kaka zake na wajomba. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyosomeshwa hapa, na kwa kukuomba amekuhesabu miongoni mwa watu wake. Unaweza kukubali na kutaja kiwango chako, au kukataa kwa upole. Vyote viwili atavielewa. Kumzungusha wiki tatu ndiko kunakoumiza. Ukitoa, mpe mkononi. Najua wengi hushauri pesa ipelekwe moja kwa moja shuleni, nami sikubaliani nao: yeye ndiye baba, aende mwenyewe kulipa, mtoto akimwona.

Soko la Nakasero wananiuzia nyanya kwa bei ya mzungu. Nifanyeje?

Chagua mama mmoja, nunua kwake kila Jumamosi, msalimie kwa Kiganda kabla ya kuuliza bei. Baada ya muda atakuongezea nyanya mbili juu ya fungu bila kuombwa.