Kumfunga mfumu jehanamu asitoroke sura ya pili

Riwaya ya mfumu, yaani mganga, aliyefungwa jehanamu huharibikia mahali pamoja: msomaji anauliza, kama ana uwezo kiasi hicho, mbona hatoki? Asipojibiwa mapema anafunga kitabu.

Kwa hiyo anza na gereza. Amua uganga wake unategemea nini: maneno, mizizi, moto, damu? Chagua viwili, visizidi vitatu, kisha jenga jehanamu inayomnyima vitu hivyo. Wa maneno mnyime pumzi. Wa mizizi mpeleke pasipoota hata jani. Minyororo haitoshi. Mtu anayejua kugeuka popo hafungwi kwa chuma.

Sisi wa Goma, mashariki ya Kongo, hatuna haja ya kuazima jehanamu. Katika imani za zamani za pande hizi, waliokufa wakiwa wafuasi wa Ryangombe, shujaa aliyeabudiwa, walistarehe naye juu ya volkano moja, na wengine wakatupwa motoni ndani ya Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu. Ila usikimbilie lava. Kurasa kumi za ndimi za moto zinachosha. Lava ifae kwa tukio moja la mbio: ya Nyiragongo ina silika kidogo, ndiyo maana hutiririka upesi, na mwaka 1977 ziwa lake lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja.

Mazuku ndiyo hazina. Ni gesi ya kaboni dioksidi, haionekani, nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi anaanguka, mwenyewe akiinama kumwokota, naye anabaki hapo hapo. Sasa mweke mfumu humo. Akisimama anapumua. Akikaa, kichwa kinagonga na maneno ya uganga yanakatika katikati. Akilala, haamki. Kibatari akikishusha magotini kinazimika pu! Huhitaji ukuta, na mateso makubwa ni usingizi. Ukishaweka kanuni hiyo usiivunje hata mara moja, hata kama tukio zuri linakudai.

Mlinzi wa kucheka tu, ha ha ha, anachosha akitokea mara ya pili. Mpe shida ambayo mfungwa peke yake anaweza kuitatua. Labda amesahau jina la mama yake, na mfumu analijua. Hapo mazungumzo yanapata uzito, wala mlinzi hana haja ya kupiga kelele: «Mzee, leo utakaa ama utasimama?»

Kwa riwaya ya maneno 60,000, yaani sura 30 za maneno 2,000, weka majaribio ya kutoroka katika sura ya 8, ya 15 na ya 22. Kila moja lishindwe kwa kanuni tofauti, na kila moja limpotezee kitu kisichorudi: jicho, sauti, kumbukumbu ya mtoto wake. Waandishi wengi huyaua yote matatu kwa sababu ile ile, mlinzi alikuwa macho, na msomaji anaona anazungushwa.

Njia ya kutokea ionekane kabla ya sura ya 7, ikifanya kazi nyingine ya kawaida. Kibatari kinafaa: pale kinapozimika juu zaidi ndipo bonde lilipo, pale kinapowaka hadi chini ndipo ardhi inapopanda. Akihesabu hatua na kukiwasha upya kila anapozimikiwa, anachora ramani ya mlima gizani. Mhesabie na mafuta.