Kuchangisha kwa ajili ya walioko mbali: fanyeni kama kamati ya harusi

Vijana wenzangu huniuliza tulianzaje kuichangia Malawi mwaka 2023, Kimbunga Freddy kilipoipiga baada ya kutangatanga Bahari ya Hindi karibu wiki tano. Jibu langu huwachekesha: tuliunda kamati ya harusi. Mwenyekiti, mweka hazina, grupu la WhatsApp, na kila jioni orodha ya majina na kiasi. Hiyo kazi tumezaliwa tunaiona nyumbani.

Ila ahadi hatukupokea. Harusini mtu anaahidi laki, mnamfuatilia miezi miwili. Kule Malawi, mtaa wa Chilobwe jijini Blantyre, matope yalishazoa nyumba na watu. "Una buku, tuma buku," ndivyo tulivyoandika, na mabuku yakaja.

Watu watawaletea nguo. Kataeni kwa upole, lakini kataeni. Piga hesabu ya robota la mitumba kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Kasumulu, forodha, kisha kuivuka Malawi karibu yote, maana walioumia zaidi walikuwa kusini. Nauli hiyo inanunua unga mwingi hukohuko. Shangazi mmoja alinuna tulipomrudishia mablanketi yake. Tukamwonyesha hesabu. Akayauza kwa majirani, akatuma hela (na akatupigia simu kuhakikisha imeingia).

Hela isikae kwenye laini ya mtu mmoja, hata awe mlokole kiasi gani. Fungueni akaunti ya kikundi, kutoa kuidhinishwe na zaidi ya mmoja. Meseji ya muamala ibandikwe grupuni siku hiyohiyo, makato yakionekana. Makato ndiyo huzua maneno: elfu tatu ikipungua bila maelezo, watu wanaanza kuulizana pembeni.

Wa kumpelekea asiwe "mtu wa kuaminika" mliyemwokota Facebook. Sisi tulipitia Chama cha Msalaba Mwekundu cha Malawi. Picha za maiti msisambaze, basi.

Na msifunge grupu mapema. Freddy kilifika Malawi katikati ya Machi, mahindi yakiwa shambani, wiki chache kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo njaa ingekuja baadaye, redio zikiwa zimeshahamia habari nyingine. Tuligawa makusanyo mafungu mawili: la kwanza likaondoka mara moja, la pili tukalishikilia hadi tulipoambiwa sasa ni zamu ya mbegu. Wapo waliolalamika kwamba tumekalia hela. Mweka hazina alikuwa akiwabandikia salio kila Ijumaa.