Mleta mada, futa hiyo safari ya Jumamosi

Nilikuwa napita tu, nikasoma mpaka pale uliposema mkeo amebakiza wiki tatu, mna kijana wa miaka minne "mtundu na mwongeaji sana", na Jumamosi unampandisha treni kwenda Morogoro kwa bibi yake akae miezi miwili "mpaka mambo yatulie". Chai ikanipalia. Mkuu, usimpeleke. Mengine uliyouliza nitayafikia huko chini nikiyakumbuka, ila hili kwanza. Usimpeleke.

Mimi nilimpeleka wangu. Mwishoni mwa 2024, treni ya Dodoma bado mpya, watu wanapiga picha madirishani. Kijana wangu tumwite Bosi, maana ndivyo alivyokuwa anatawala ile sebule. Alikuwa na miaka minne kamili, mama yake yuko ukingoni, dada wa kazi ameaga anaenda kumzika shangazi yake. Shangazi wa tatu mwaka ule, ukoo ule una shangazi wengi sana. Na sheria ya kazi unaijua: mama anapewa siku 84, baba siku 3, tena uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku ya kwanza unazunguka na makaratasi ya hospitali, ya pili unapokea wageni, ya tatu unatafuta ndizi za mtori, ya nne uko kazini unasinzia juu ya kompyuta. Nikajiuliza, huyu Bosi nani atamwangalia?

Ndipo akatokea mtaalamu. Kila ofisi ina mtaalamu wake. Wa kwetu ni baba mmoja wa stoo, watoto watano, anajua bei ya saruji, dawa ya kiungulia na nani atachukua ubingwa. Akanishika bega: "Dogo, mpeleke kwa bibi yake. Akirudi atakuta mtoto ameshakuwa, hata wivu hatakuwa nao. Mimi wangu wote nilifanya hivyo." Mtu ana watoto watano, mimi nina mmoja na nusu, ningebishana naye kwa lipi?

Nikakata tiketi, yangu 31,000, ya Bosi 15,500, masaa kama manne kutoka Dar tuko Dodoma kwa mama yangu. Njia nzima alikuwa na furaha, anawasalimia abiria, anamuuliza mama mmoja kwa nini ndevu zake ni chache kuliko za baba. Nikampa mama yangu begi na mtoto, nikageuza. Nilimwambia Bosi "nitakufuata baada ya mwezi mmoja". Hapo ndipo ujue nilivyokuwa mjinga. Mtoto wa miaka minne ana siku tatu tu kichwani, jana, leo na kesho, na hiyo jana yenyewe inaweza kuwa mwaka jana. Mwezi kwake ni ule wa angani.

Na mwezi wenyewe haukuwa mwezi. Mama Bosi akajifungua kwa upasuaji, kidonda kikachelewa. Dada wa kazi akapata mume huko msibani. Ikawa kila Jumapili tunasema "wiki ijayo tukamchukue". Wiki nne zikawa 11.

Simu tulikuwa tunapiga. Wiki za kwanza alilia, halafu akanyamaza, tukasema amezoea, sifa kwa bibi. Kama wiki ya tano mama yangu anamwita aje aongee na sisi, tukamsikia kwa mbali kabisa: "Mwambie sipo, nimeenda kuchunga." Tulicheka mpaka mama Bosi akashika mshono. Nikaweka na kwenye stetasi. Wakuu, mtoto wa miaka minne amekataa simu ya mama yake mzazi na mimi naweka emoji za kicheko. Wale wa "ungetumia akili" najua mko njiani, karibuni, viti vipo.

Siku ya kurudi sasa. Tumefika nyumbani usiku, mlango uko wazi, mama yake amekaa ndani na mtoto mapajani. Bosi akasimama pale kizingitini akasema, "Hodi."

Nyumbani kwao. Akasubiri aambiwe karibu.

Akaingia, akasalimia "Mbukwenyi" kama mzee wa Kigogo aliyekuja kikao cha mahari, akakaa kwenye ncha ya kochi, begi mapajani. Mama yake anamwita aje amkumbatie, yeye anamtazama yule mtoto. "Wa nani huyo?" Ni mdogo wako. "Amekuja lini?" Tukamwambia. Akafikiri. "Anaondoka lini?" Haondoki, anakaa hapa. Akafikiri tena, halafu akaniangalia mimi. "Na mimi naondoka lini?"

Hesabu ya mtoto ni nyepesi mkuu. Mimi nimetolewa, huyu ameingizwa. Utamweleza mpaka kesho kwamba ilikuwa kwa ajili ya mapumziko ya mama, yeye ameona kitanda chake kimesukumwa ukutani na mtu mwingine analala pale alipokuwa analala yeye.

Tena tulikuwa tumelipalilia wenyewe kwa uongo. Kwenye simu tulimwambia mama yuko hospitali "ananunua mdogo wako". Basi alivyorudi akadai risiti. Si utani, lile tangazo la "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" alikuwa amelikariri kwenye redio ya bibi. Nikamwambia risiti imepotea. Akasema turudi dukani tukaombe nyingine, halafu tumrudishe. Nikajifanya mjanja, nikamwambia mali ikishauzwa hairudishwi. Akanyamaza, nikajua nimeshinda. Kesho yake akamsimamisha kijana anayepita mtaani kununua vyuma chakavu, akamwambia, "Kuna mtoto ndani, hatumtumii." Yule kijana alicheka hadi akakaa juu ya toroli lake. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nacheka sana kipindi kile, sasa hivi ndiyo naona kila nilipocheka palikuwa na kitu.

Maana mengine hayakuchekesha. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, akaanza upya, usiku mara mbili. Akataka avalishwe pampasi. Akataka kunyonya. Nasari nilikuwa nimelipa ada ya muhula mzima, akaenda siku nne, ya tano akajifunga kwenye mguu wa meza kwa khanga. Ugali wetu hautaki, anataka mlenda, na "mlenda wa bibi", siyo huu. Na begi lile hakutaka liondolewe mlangoni. Kila jioni anaweka ndani yake kaptula mbili na lile gari lake bovu, anafunga zipu. Tukadhani ni mchezo.

Jumamosi moja kama wiki ya tatu tangu arudi, mama yake anamwogesha mtoto, mimi niko nyuma nahangaika na tenki la maji. Tunaitana, wewe uko na Bosi? Sinaye, si yuko na wewe? Geti liko wazi. Begi halipo.

Mkuu, sina uwezo wa kukuandikia zile dakika 40. Nilikimbia na ndala moja. Kuna mfereji mkubwa nyuma ya nyumba yetu, mama Bosi alikuwa anakimbilia huko na mshono wake, na mtoto ameachwa kwa jirani, na mimi sikuweza kumwita arudi kwa sababu nilikuwa namuogopa. Alipatikana kijiwe cha bodaboda. Alikuwa amekaa juu ya tanki la pikipiki, begi mgongoni, na kijana wa boda ananisubiri maana ananijua. Akaniambia, "Baba Bosi, huyu abiria wako ananiambia nimpeleke kwenye treni, anarudi kwao."

Kwao.

Tulirudi hakuna anayeongea. Mama Bosi hakunifokea, bora angefoka. Alisema tu, "Amesema kule ndiyo kwao," akaingia chumbani.

Jumatatu nikamfuata yule mtaalamu stoo. Nikamweleza yote, nikamuuliza, wako walivyorudi kwa bibi yao ulifanyaje? Unajua alinijibu nini? "Aah, wangu hawakurudi bwana. Walikaa kwa bibi yao mpaka darasa la nne. Sasa wivu ningeuonea wapi?" Huyo ndiye mshauri wangu! Mtu hajawahi kulala nyumba moja na watoto wawili wadogo, anagawa ushauri kama anagawa kalamu za ofisi! Mpaka leo akinisalimia naitikia kwa pua. Na humu kwenye uzi wako nimeshawaona watatu wanaokwambia "peleka tu, watoto husahau". Waulize, wao watoto wao walirudi lini? Waulize hilo tu.

Ili msinielewe vibaya, mama yangu hana kosa, alimlea vizuri kabisa, alirudi amenenepa, mashavu tele. Likizo kwa bibi ni haki ya mtoto. Tatizo ni majira. Mkubwa awepo nyumbani siku mdogo anaingia mlangoni. Ndiyo sheria yangu moja, nimeilipia. Msaada ukihitajika, huyo bibi ndiye apande treni aje. Ukishindwa kabisa, alale kwa jirani usiku ule mmoja wa hospitali, lakini mtoto anapoingia ndani, mkubwa awe ndiye anayefungua mlango. Na mwambie ukweli, alikuwa tumboni, ametoka, analia sana, hachezi mpira bado.

Mdogo wangu wa kike alijifungua mwezi wa nne mwaka huu, ana kijana wa miaka mitatu. Nilimkalia kooni mpaka shemeji akawa anazima simu. Kijana akabaki. Siku ya kwanza alimletea mtoto karanga. Siku ya pili alimfinya. Wiki ya pili alikuwa ameshamchoka, hata arobaini haijafika, anampita pale mkekani kama anavyolipita beseni. Hicho ndicho unachokitafuta mkuu, amchoke. Bosi wangu hakupata nafasi ya kumchoka mdogo wake taratibu, alimkuta ameshakuwa mwenye nyumba.

Utauliza tulitokaje. Nililala naye kwenye godoro chini karibu miezi minne, mgongo wangu mpaka leo hausomeki. Kila jioni mimi na yeye peke yetu tunaenda genge kununua nyanya, hata kama nyanya zipo. Pampasi akawa yeye ndiye mtunza stoo, ukitaka moja unamwomba, na anakuuliza ile ya mwanzo umeipeleka wapi. Begi likakaa mlangoni, hatukuligusa. Siku moja nikaliona uani limejaa mchanga, analivuta kwa kamba, ni lori. Sikusema kitu, nilienda kunawa uso.

Ulikuwa umeuliza na kitanda cha mtoto, cha mbao au cha chuma. Wa kwetu hajawahi kulala kwenye chake, kilikuwa kinaanikiwa nguo. Dada wa kazi mmoja au wawili sijui, mimi hata huyo mmoja alinishinda. Kulikuwa na swali jingine la bajeti nadhani, watakujibu wengine.

Hiyo 6,500 ya tiketi ya mtoto ya Jumamosi, hata kama hairudi, iache ipotee. Ya bibi ni 13,000. Mtumie leo.