Mwanangu, uji wa shule haukuwa wa bure

Mwanangu,

Marahaba. Unasema shule ya mjukuu wangu imeitisha mchango wa chakula cha mchana, na mumeo anashikilia kwamba wazazi wa zamani hawakuchangishwa, watoto walikula shuleni bure. Ukaniuliza kama ni kweli, na sisi tulikuwa tunakula nini.

Si kweli. Mwambie, ila kwa upole.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1979 huku kwetu Shinyanga, UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, ukiwa na miaka miwili tu. Tulijaa darasani hadi wengine wakakaa chini. Ada ilikuwa imefutwa, lakini hakuna aliyetoka nyumbani mikono mitupu: kidumu cha maji, ufagio, siku nyingine kuni, siku ya EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, jembe. Maji yale ndiyo yaliyopika uji, na kuni ni zile bibi yako alizozifuata porini mwenyewe. Unga nao? Shamba la shule. Tulilima mahindi na pamba, na mwaka ambao mvua iligoma, sufuria ilikaa stoo. Nyerere aliitangaza Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Sisi tuliijua kwa malengelenge viganjani.

Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, unanuka moshi, hauna sukari. Sukari miaka ile ilikuwa ya kupanga foleni hata nyumbani. Aliyesahau kikombe alisubiri mwenzake amalize. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ukageuka njano, mahindi ya msaada, unga wa yanga. Mjomba wako, mnazi wa Simba, aliunywa amefumba macho.

Siku zisizo na uji, na zilikuwa nyingi, tulikula michembe. Bibi yako alikata viazi vitamu vipande vyembamba, akavianika juu ya mawe hadi vikakauka kabisa, akavihifadhi. Alfajiri anachemsha, anachanganya na karanga alizotwanga, ananifungia kwenye kitambaa. Nilikaa nayo mapajani darasani, maana wezi wa michembe tulikuwa nao, na mmoja leo ni mzee wa kanisa.

Raha ilikuwa chini ya mkwaju, nje ya uwanja wa shule: kashata, mihogo, ubuyu, vipande vya muwa. Ukiwa na senti 50, ile yenye sungura, darasa zima ni rafiki zako.

Wa rika langu wakikutana husema chakula cha zamani kilikuwa kitamu. Mimi nabisha. Kilikuwa kitamu kwa sababu tulikuwa na njaa. Waliokaa mbali wakienda nyumbani saa sita, wengi hawakurudi tena kwa masomo ya mchana. Siku ya uji madawati yalijaa mpaka jioni, na mwalimu mkuu alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo toeni huo mchango. Ila kikao cha wazazi msikikwepe. Ulizeni nani ananunua maharage na nani anayapima yakifika. Na kama shule inapokea mahindi badala ya pesa, niambie mapema. Mwaka huu nimevuna vizuri, gunia moja nitalipakia kwenye basi, wewe ulipokee stendi.

Mama yako